Chai Kabla ya Kufungua Boneti

Kwanza wekeni chini hiyo mashine ya kupimia magari. Haitakimbia. Mnanikera mnapoishika mkononi kama rimoti ya televisheni huku mimi naongea, halafu nikimaliza mnaniambia, sawa babu, ila mashine inasema hivi. Mashine inasema, ndiyo. Na mimi nasema. Tusikilizane basi, maana mgongo wangu hauna hamu ya kukaa kwenye benchi hili mpaka jioni.

Nimeacha ufundi. Watu wa hapa Nyakato wanadhani ni mgongo ulionitoa gereji, nami huwa sibishi, ni jibu fupi. Kilichonitoa ni masikio. Miaka yangu yote nimeinama juu ya injini zinazonguruma, na sasa mtu akiniambia gari lake linatetema likisimama, mimi nasikia ngurumo moja tu, nzito, haina mwanzo wala mwisho. Honi nasikia. Mke wangu akiniita kula nasikia. Lakini sailensa, ule mlio wa injini gari likiwa limesimama na mguu wako hauko kwenye mafuta, ndiyo imenitoka. Fundi asiyesikia sailensa ni mpishi aliyepoteza ulimi. Nikampa Neema funguo za gereji nikaenda nyumbani kulala.

Neema ndiye huyo anayewalipa ninyi. Alikuja kwangu akiwa binti aliyemaliza chuo cha ufundi, mkaidi, hataki kutumwa soda. Umeme wa magari anaujua vizuri, na ile mashine aliinunua yeye. Nawaambia hivyo msije mkasema babu anachukia vitu vipya. Mimi nimechoka tu. Kuchoka na kuchukia ni vitu viwili.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Haridas. Alizaliwa hapa hapa Mwanza, baba yake alikuwa na duka la nguo, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu. Kwake gari lenye ugonjwa wa sailensa halikuguswa siku lilipofika. Lililala. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, analiwasha, anatoa viti, anamkalisha mwenye gari mbele ya boneti iliyofungwa, na chai ya tangawizi inaletwa. Boneti haifunguliwi mpaka chai iishe. Wateja wengine walikuwa wanatukana kimoyomoyo, unawaona kabisa usoni. Mimi mwenyewe mwanzoni nilidhani mzee ana uvivu wa kistaarabu.

Haukuwa uvivu. Injini baridi inajipa sailensa ya juu yenyewe. Ikianza kupata moto, inashuka taratibu, na hapo ndipo uongo wote unapoanza kutoka. Ukifika nusu ya kikombe, feni ya rejeta inajiwasha, injini inashtuka kidogo kisha inatulia. Isipotulia, umeshajua kitu. Kisha Mzee anamwomba mtu awashe taa kubwa, tunasikiliza. Azungushe usukani, tunasikiliza. Akanyage breki, tunasikiliza. Kimoja kimoja, bila haraka. Na katikati ya hayo anamhoji mwenye gari mambo yasiyohusu gari hata kidogo. Unaishi wapi, barabara ya kwenu ikoje, nani anapanda nawe. Ninyi mnapenda kusema gari limeingia gereji. Gari haliingii peke yake, linaingia na maisha ya mtu.

Kuna bwana mmoja wa Igombe, mchuuzi wa dagaa, pikapu yake ilikuwa inazima kila ikisimama, ikikanyagwa mafuta inatoa moshi mweusi. Mafundi wawili walishamwuzia plagi na pampu. Kwenye chai akaanza kulalamika habari za wadudu wa ziwa, jinsi walivyokuja wingu zima, mkewe akashindwa hata kupika nje. Nikamaliza kikombe changu, nikaenda kufungua kifuniko cha kichujio cha hewa. Wadudu walikuwa wamegandamana mle ndani kama ukoko wa ugali. Injini ilikuwa inakabwa koo. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakumbuka zile plagi na pampu, akaacha kucheka.

Jambo jingine. Mtu akija kuwaambia, fundi niongezee sailensa, msikimbilie bisibisi. Zamani kabla ya daraja, watu wa kuvuka Busisi walikuwa na mtindo huo. Gari linazima ovyo, na mtu anaogopa lisije likamzimikia mlangoni mwa kivuko mbele za watu wote, basi anataka sailensa ipandishwe tu, ugonjwa wenyewe tutaona mbele ya safari. Mfanyabiashara mmoja wa Geita nilimkatalia, akaniona najidai, akaenda kupandishiwa kwingine. Gari lenyewe la otomatiki. Kwenye foleni ya kivuko akalegeza mguu kwenye breki ili afungue soda, gari likaondoka naye likaingia kwenye matenga ya nyanya ya mama mmoja. Hakuumia mtu, ila nasikia alivuka akinuka nyanya mpaka kwao. Sailensa ikipanda, gari linataka kwenda hata kama wewe hutaki.

Na ule mchezo wa kuzima taa ya injini kwa ujanja, kuchomoa balbu, au kuunganisha waya wake na wa taa ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja mteja asishtuke, acheni. Najua unafanywa. Nimeufungua kwenye magari mengi yaliyouzwa kwa watu wema. Taa ile haimgombezi mtu, inaomba tu kuangaliwa. Na ndiyo inanileta kwenye habari niliyotaka kuwaambia tangu mwanzo, kama msingenichelewesha.

Nilikuwa nimeshastaafu. Neema akanipigia, akanisalimu shikamoo, nikajua ana shida, kwa sababu akiwa hana shida huwa ananitumia ujumbe. Kuna gari dogo la Kijapani, la zamani, mali ya Mwalimu Rwegasira, mtu wa Bukoba anayeishi Buhongwa. Linazima kwenye taa za barabarani. Mashine inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta. Amebadilisha sensa ya moshi, amesafisha njia ya hewa, taa ya injini imezimika, gari limeondoka, limerudi tena na taa inawaka. Na kinachomkera Neema zaidi, Mwalimu anamwambia usoni kwamba taa haijawahi kuwaka.

Nikamwambia, mwambie alilaze.

Asubuhi wakaja kwa bajaji, Mwalimu na mkewe, Mama Koku. Mwalimu amenizidi umri, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikono, nikampa shikamoo yake naye akaipokea kama mtu aliyeizoea. Mama Koku alikuwa amevimba miguu, anakanyaga kwa tahadhari. Nikatoa viti, chai ikaletwa, gari likawashwa. Kwa kuwa masikio yangu ndiyo hayo, niliegesha kiti changu karibu nikaweka kiganja juu ya boneti. Hivyo ndivyo ninavyosikiliza siku hizi. Watu wanadhani nimejiegemeza kwa uzee.

Chai ikatoa maneno. Mama Koku figo zimechoka, husafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki. Akitoka huko hana nguvu hata ya kushika kikombe. Watoto wako Dar, wazuri tu, wanatuma cha kutuma, lakini hawapo. Walijaribu bajaji, akatapika njia nzima kwa mtikisiko. Walijaribu teksi, siku nyingine inakuja, siku nyingine haiji, na mashine ya kusafishia damu haimngojei mtu, ukikosa zamu yako umekosa. Gari lile lilikuwa limelazwa kiti cha mbele, kuna mto na kanga ya kujifunika. Mwalimu akasema kwa upole kabisa, bila gari hili, fundi, mke wangu hafiki.

Injini ikapata moto. Chini ya kiganja changu nikahisi tetemeko limeanza, dogo, la kurudiarudia. Nikamwomba Neema akanyage breki. Tetemeko likawa kubwa, injini ikashuka kama inataka kulala, akaachia, ikapanda. Akakanyaga, ikashuka. Nikamtazama Neema, naye akanitazama, akaitikia kwa kichwa kwamba amelisikia. Mguu wa breki. Gari linazima kwenye taa kwa sababu kwenye taa ndipo mtu anakanyaga breki.

Ningeweza kufungua boneti hapo hapo. Lakini Mzee Haridas alikuwa na kanuni nyingine, kwamba baada ya chai uendeshwe na mwenye gari, njia yake ile ile, ukae nyuma, ufunge mdomo. Gari lenye breki inayosumbua nisingemwachia mzee aende nalo mbali, basi nikamwambia Mwalimu tuzunguke polepole kidogo tu. Mama Koku akakaa mbele kwenye kiti chake. Mimi nyuma.

Tukatoka. Mama Koku akaanza kuongea, kwa sauti ya chini, na mimi nikawa namsikia nusu nusu. Tuta. Pikipiki kushoto. Mwanafunzi anavuka. Nyekundu, nyekundu, simama. Nikacheka moyoni, nikasema kumbe wake ni wale wale, hata wangu ananiendeshea gari kwa mdomo tangu tuoane. Mwalimu alikuwa anaitikia kila neno, haya, haya, bila kuudhika, na hilo ndilo lililopaswa kunishtua. Hakuna mwanamume anayeitikia hivyo.

Kwenye taa gari likazima, kama tulivyotegemea. Mwalimu akaacha mikono kwenye usukani. Ninyi mnajua, injini ikizimika swichi ikiwa bado imefunguliwa, dashibodi yote inawaka. Taa ya oili, ya betri, ya injini, ya breki, nyekundu na njano zimejipanga. Mimi kutoka kiti cha nyuma nilikuwa naziona zote. Nikamwuliza kwa desturi tu, Mwalimu, hapo mbele yako zimewaka taa zipi?

Akainamisha kichwa, akaangalia dashibodi kwa makini, kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Hakuna hata moja," akasema. "Nimemwambia yule binti, hii taa haijawahi kuwaka."

Mama Koku akageuza uso dirishani. Nyuma yetu watu wanapiga honi. Niliona gari zima, toka mwanzo mpaka mwisho, na ugonjwa wake haukuwa kwenye injini peke yake. Nikashuka nikamwambia, Mwalimu, nipishe niliwashe mimi, lina namna yake. Akanipisha. Nikaturudisha gereji.

Boneti tulifungua sasa. Kuna mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta, kile chungu cha bati kinachosaidia mguu kukanyaga breki. Ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali macho hayafiki, chini ya kibanio. Ukiwa baridi, mpasuko umejibana. Ukipata moto, mpira unalainika, mpasuko unafumbuka, na ukikanyaga breki hewa inaingia ndani ya injini bila kupitia mlangoni. Mashine haikudanganya, hewa ilikuwa nyingi. Ila haikusema inaingilia wapi. Neema aliubana ule mpira kwa koleo, na kiganja changu kikahisi injini inatulia, laini, kama mtoto aliyeshiba. Akaweka mpira mpya, akaizima taa ya injini kwa mashine, akakanyaga breki mara nyingi mpaka akaridhika. Kazi ikaisha. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi.

Akachukua ufunguo ampelekee Mwalimu. Nikamwomba anipe mimi.

Sikumfuata Mwalimu kwanza. Nilikwenda kwa Mama Koku, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, miguu ameinyoosha. Nikachuchumaa, magoti yakalia. Nikamwuliza tangu lini. Hakujifanya haelewi. Alisema daktari aliwaambia ni presha ya macho, imeshakula pembeni na sasa inakula katikati, na kilichoondoka hakirudi. Mwalimu anaona vitu vikubwa, ukuta, basi, mlima. Vidogo na taa hapana. Kwa hiyo yeye anaona na mumewe anaendesha. Wanakwenda polepole. Hawajawahi kumgusa mtu.

Nikamwambia, bado, mama.

"Nikisema, nani atanipeleka?" akaniuliza. Hakunigombeza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Vijana, pimeni wenyewe. Ukimpa mtu yule ufunguo, ipo siku yule mwanafunzi anayevuka hataitwa kwa wakati, kwa sababu Mama Koku amesinzia, maana akitoka kusafishwa damu anasinzia. Safari ya kwenda ana macho. Safari ya kurudi nani anaona? Ukimnyima, umemzuia mama yule kufika kwenye mashine, na bila mashine ile hakuna mwezi mwingine. Nilichoka pale pale. Nilitamani ningekuwa nimebaki nyumbani nimelala.

Nikaenda kuketi na Mwalimu kwenye vile viti vya chai. Sikutaja macho. Nilimwambia kwa nini nimeacha kazi, jambo ambalo hata mke wangu nilimficha muda mrefu. Nikamwambia, "Mwalimu, leo asubuhi sikuisikia injini yako. Niliishika kwa mkono. Masikio yangu yamekwisha, na niliendelea kupokea magari ya watu nikiwa najua yamekwisha, kwa sababu sikujua nitakuwa nani nikiacha."

Vidole vyake vilikuwa vinakunja ncha ya shati na kuikunjua.

"Amekwambia?" akauliza.

"Hapana. Dashibodi yote ilikuwa inawaka, Mwalimu."

Akafumba macho. Machozi yalimtoka mtu mzima yule, wala hakuyafuta, na mimi sikumtazama, nilitazama gari. Baadaye akasema mwanzoni alidhani ni ukungu wa ziwa, kwamba mwaka ule ukungu ulikuwa mwingi. Akasema kumwendesha mke wake ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo, kupika hajui, dawa zinamchanganya. Kisha akanyoosha mkono, nikadhani anataka ufunguo. Alikuwa anatafuta mkono wangu.

Ndiyo maana mnaniona siku zile tatu napita hapa asubuhi na gari la Mwalimu, mnaniuliza babu umerudi kazini. Sijarudi kazini. Nimechoka, nataka kulala, ila mama yule hana bajaji inayomfaa na mimi nina macho. Siku nisipoweza, Neema anakwenda, na yeye akilalamika analalamika akiwa tayari ameshawasha gari.

Mwalimu anakaa nyuma, nilipokuwa nimekaa mimi siku ile. Mama Koku yuko mbele na mto wake. Wiki ya kwanza nilidhani hajazoea, nikamwacha. Mpaka leo hajaacha. Tuta, anasema. Bajaji kulia. Nyekundu. Mimi naona vyote hivyo, nimeviona kabla yake, lakini nimejifunza kusubiri. Taa inabadilika, magari ya pembeni yanaondoka, wa nyuma wanapiga honi, na honi nimeshawaambia nazisikia.

"Kijani," anasema Mama Koku.

Na kutoka kiti cha nyuma Mwalimu anaitikia, "Haya, twende." Hapo ndipo naachia breki.